Mjomba, Mama na Saratani: Uuguzaji wa Watoto Katika Kilosa na Mikumi

Mkono mmoja haulei mwana, wala haumwuguzi. Watu wa Kilosa na Mikumi waliishi kwa kanuni hii zamani kabla ya kuwapo hospitali. Wakaguru wa milimani, Wasagara wa bonde la Mkondoa, na Wavidunda wa upande wa kusini wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi hiyo mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba wake ana sauti kubwa katika mambo yake. Mtoto alipougua, kila mtu alikuwa na sehemu yake: mama alimpakata, bibi alichemsha dawa, baba alitafuta mahitaji, na mjomba aliwaita wazee washauriane. Ugonjwa ukikawia, waliuliza kwa mganga kama mizimu imeghadhibika, au kama yuko mwenye husuda.

Kanuni hii ilikuwa na hekima ndani yake. Mama hakuachwa peke yake na mzigo, wala mtoto hakukosa mtu wa kumkesha. Lakini shauri la wazee lilihitaji siku nyingi, na yako maradhi yasiyongoja shauri.

Katika mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza kuchunguza watoto waliovimba taya kwa namna ya ajabu. Mwaka wa 1958 alitangaza habari za uvimbe huo, na mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maili kama 10,000, wakapita Tanganyika na nchi nyingine wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walitambua kwamba saratani hii huonekana katika nchi za joto na mvua, si katika milima ya baridi. Kilosa, iliyo bondeni chini ya milima ya Ukaguru, na yenye malaria tangu zamani, ni nchi ya namna hiyo.

Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu; lakini ukipata dawa mapema, aghalabu huyeyuka na mtoto akapona. Basi hapa ndipo desturi na maradhi hukutana uso kwa uso. Mzee husema haraka haraka haina baraka, na katika ugomvi wa shamba au posa husema kweli. Katika saratani ya mtoto, wiki mbili za kumngoja mjomba arudi kutoka safarini huweza kuwa tofauti ya uzima na kaburi.

Tena iko shida ya umbali. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliundwa kwa sheria mwaka wa 1996, na mwaka wa 2011 matibabu ya watoto yakahamishiwa Muhimbili. Zote mbili ziko Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Mikumi. Matibabu huchukua miezi. Uuguzaji uliogawanywa kwa mikono mingi humwangukia mama mmoja kando ya kitanda, na huku nyuma watoto wengine wanamlilia na mpunga unaliwa na ndege. Uvimbe ukinywea, humwona mwanawe amepona, naye hurudi nyumbani kabla dawa haijakwisha. Huyo si mama mjinga, bali ni mama aliyepungukiwa na jamaa.

Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha ya kufikisha 60 ifikapo 2030. Treni ya umeme, iliyoanza safari mwaka wa 2024 katika njia ipitayo Kilosa, imefupisha mwendo. Lakini treni haimpandishi mtoto ambaye wakubwa wake hawajakubaliana.

Kwa hiyo hapana haja ya kumfukuza mjomba katika shauri. Yafaa awe wa kwanza kufundishwa. Mjomba aliyefahamu huuza mbuzi siku ile ile, na ukoo uliofahamu hulima shamba la mama mpaka arudi. Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wao, ila safari hii mgonjwa yuko mbali, na saa inakwenda mbio.