Kadhi Aliyegeuka Meya: Maneno Yaliyobaki Uhispania

Nilipochagua kusoma Kiswahili, mjomba wangu aliniuliza kwa nini ninapoteza muda na lugha ya kuokoteza. Kwetu Uganda wapo wengi wenye mawazo kama yake: ukikiondolea Kiswahili maneno ya Kiarabu, wanasema, hakibaki kitu. Sikuwa na la kumjibu, mpaka nilipokuja kusoma historia ya Uhispania.

Mhispania akimtaja mtu bila kumtaja jina husema fulano. Sisi tunasema fulani. Azúcar yake ni sukari yetu, na azafrán ni zafarani. Mateka humwita rehén, neno lenye asili moja na rahani. Lililonifurahisha zaidi ni alcalde. Hilo ni al-qadi, kadhi wetu huyu huyu, isipokuwa Uhispania siku hizi ni meya wa mji. Kadhi wa Mombasa na meya wa Madrid wanashiriki jina la cheo, ingawa kazi zao hazifanani hata kidogo.

Mwaka 711 jeshi la Tariq ibn Ziyad lilivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini, na jabali linalobeba jina lake, Jabal Tariq, ndilo Gibraltar ya leo. Tawala za Kiislamu, zilizoenea karibu rasi nzima kisha zikapungua kidogo kidogo, zilidumu hadi Granada iliposalimu amri Januari 1492. Si ajabu basi kwamba hata mfereji wa kumwagilia shamba una jina la Kiarabu, acequia. Mjini Valencia, wawakilishi wa wakulima hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu, wakaamua kesi za maji ya mifereji hiyo kwa mdomo.

Mwaka huo wa 1492 Wayahudi waliamriwa kubatizwa au kuhama. Mwaka huo huo Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kikastilia, akamtunukia Malkia Isabel. Kwa mwanafunzi wa lugha kama mimi, sarufi na amri ya kufukuza watu kutoka mwaka mmoja si jambo la kupita haraka. Na kabla ya hapo, mwaka 1449, mji wa Toledo ulikwisha kuwanyima vyeo Wakristo wenye asili ya Kiyahudi, na baadaye taasisi nyingine zikadai “usafi wa damu”. Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Waislamu nao walilazimishwa kubatizwa. Mwaka 1567 Felipe II alipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao. Wakaasi mwaka uliofuata. Kati ya 1609 na 1614 wazao wao wapatao 300,000 walifukuzwa, wakiwa wamebatizwa tangu enzi za mababu. Ofisa wa kutekeleza amri za mahakama nchini humo aliitwa alguacil. Asili yake ni al-wazir, waziri.

Wanahistoria wawili waliokimbia utawala wa Franco walibishana juu ya urithi huu. Américo Castro, katika kitabu chake cha 1948, alisema Uhispania ilizaliwa katika kuishi pamoja kwa Wakristo, Waislamu na Wayahudi. Claudio Sánchez-Albornoz, akiwa Argentina, alipinga: tabia ya Mhispania ni ya kale zaidi, na Waarabu hawakuigeuza sana. Mimi namuunga mkono Castro, ila hoja yake haiwaelezi vizuri Wabaski, ambao lugha yao haina undugu na Kilatini wala Kiarabu. Franco alizibana lugha kama hizo. Katiba ya 1978 ikaziruhusu kuwa rasmi katika maeneo yao, pamoja na Kikastilia.

Likizo iliyopita nilimsimulia mjomba haya yote. Alicheka sana kusikia kadhi amekuwa meya. Kisha akanyamaza, akauliza, “Na wale waliofukuzwa, mwanangu, walikwenda wapi?”

Nikamwambia wengi walikwenda Moroko, Aljeria na Tunisia. Wengine walifika huko wakiongea Kihispania, na wenyeji wakawaona wageni.