Mawese Yalipokuwa Ndiyo Sikukuu Buha

Zamani, mpishi wa Kasulu au Kibondo hakuhitaji kuambiwa na daktari apunguze mafuta. Hayakuwepo ya kupunguza. Siku za kawaida Waha, wenyeji wa Buha, walikula ugali wa ulezi au mtama, na baadaye wa muhogo, kwa maharage ya kuchemsha na mboga za majani. Chungu cha sherehe kilijulikana kwa vitu viwili, mafuta na chumvi, na vyote vilitoka mbali.

Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi ambazo watu walikuwa wakichemsha maji yake zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mawese yalitoka chini ziwani. Mchikichi unapenda joto la mwambao wa Tanganyika, ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200, penye baridi. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Ujiji, kwenye mwambao huo, mwaka 1858 walikuta mawese ni bidhaa ya sokoni hapo, lakini kutoka soko hilo hadi milimani yalipanda kichwani mwa mtu. Samli ilikuwepo Buha, ila ng'ombe wengi walikuwa wa Watutsi na watawala, na mkulima wa kawaida aliionja kwa nadra.

Ndiyo maana Krismasi ilipoingia na wamisionari, waliofika Ujiji mwaka 1878, na Idi ilipopanda na wafanyabiashara wa pwani, sherehe hizo ngeni zilipikwa kwa kanuni ya wenyeji: kisamvu kielee kwenye mawese, migebuka mikavu iungwe kwa mafuta, maharage yawe mekundu. Wala sioni ulafi hapo. Mtu aliyekula bila mafuta mwaka mzima alikuwa na haki ya siku yake.

Kilichobadilika ni siku nyingine zote. Barabara na magari vilishusha gharama ya safari ya dumu la mawese. Kisha wakaja wakimbizi: kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ikapokea Warundi upya mwaka 2015. Mgao wa kambini una mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A, na sehemu yake imekuwa ikiuzwa au kubadilishwa kwa muhogo na mboga za wenyeji. Leo mafuta yapo hata Jumanne isiyo na sababu, na presha inazungumzwa vijijini.

Ushauri wa kuyafuta mawese sikukuu, kwa maoni yangu, unakosea siku. Anayetaka wepesi aanze na hizo Jumanne. Tena wekundu wa mawese una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kuyaunguza mpaka yawe meupe ni kuitupa hiyo na kubaki na mafuta matupu. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, kwa hiyo kinachohesabiwa ni vijiko.

Chumvi ndiyo ya kuogopwa zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, na samaki wa chumvi asiyelowekwa huimaliza hesabu hiyo mapema. Mloweke, umwage maji. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana kama kawaida, kwa nyanya chungu na vitunguu, bila mafuta. Mawese yaje wakati wa kupakua, yamwagwe juu kwa kijiko, mahali mgeni atakapoyaona. Asipoyaona atadhani nyumba imeishiwa.