Vile Antivirusi Feki Ilitupotezea Picha za Cucu

Wasee, kabla ya zile meseji za "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", kulikuwa na antivirusi feki. Wengi wenu mlikuwa wadogo, wacha niwaambie.

Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na polepole intaneti ya kasi ikapanda hadi huku Nyeri, Karatina na Nanyuki. Baba akanunua kompyuta ya mtumba yenye Windows XP. Flashi zikawa zinatoka saiba zinaingia nyumbani bila kupimwa.

Hiyo biashara ilikuwa imeanza mbali. Kampuni ya Innovative Marketing, yenye ofisi Kiev, iliuza WinFixer na XP Antivirus. Desemba 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliipeleka kortini ikisema zaidi ya watu milioni 1 wamedanganywa. Mwaka wa 2012 korti iliamuru zaidi ya dola milioni 163 zilipwe.

Mbinu ilikuwa moja: dirisha linajifungua lenyewe, linajifanya kuskani, linapata virusi kibao kwa sekunde chache, halafu linakuuzia dawa kwa kadi ya benki. Sisi kadi hatukuwa nayo, tukadhani tumepona. Wapi! Dirisha lilikataa kutoka, programu zingine zikakataa kufunguka. Baba akapelekea fundi mmoja, akaifomati yote. Picha za mwisho za cucu akichuma kahawa zikaenda hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba zile picha hazikuwa zimeguswa. Ingetosha kuchomoa intaneti, kuwasha mashine ukibonyeza F8, kuchagua hali salama, kukopi picha kwanza, kisha kuleta Malwarebytes kwa flashi kutoka mashine safi na kuskani. Kilichotumaliza ni haraka na woga.

Siku hizi ujanja ni uleule, lakini unakuja kama arifa kwenye kivinjari: "Kompyuta yako ina virusi 5!" Jiulize swali moja: hii antivirusi niliiweka mimi? Kama hapana, usibonyeze, usilipe, usipigie namba iliyoandikwa hapo. Funga kivinjari, ingia kwa mipangilio, zima arifa za hiyo tovuti, kisha skani na antivirusi unayoijua.

Na picha za cucu wako ziko wapi? Kama ziko mahali pamoja tu, zikopi leo jioni.