Sauti ya Mfu katika Mwili wa Kikaragosi: Hekaya ya Dibuki na Jukwaa la Ukambani

Makala haya yanafuatilia hekaya moja ya Kiyahudi, ile ya dibuki, jinsi ilivyotoka katika simulizi za vijijini ikaingia jukwaani, kisha ikachezwa kwa vikaragosi. Yanauliza pia ingebadilikaje kama ingeigizwa Sultan Hamud, mbele ya hadhira ya Wakamba. Dibuki ni roho ya mfu iliyokosa pumziko, nayo humwingia aliye hai na kusema kwa kinywa chake. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni: huko Pwani aliyepagawa huitwa kiti cha pepo.

Kati ya 1912 na 1914 S. An-sky aliongoza msafara wa kukusanya fasihi simulizi ya Wayahudi huko Volhynia na Podolia, katika Ukraine ya leo. Tamthilia yake, The Dybbuk, iliigizwa kwa mara ya kwanza Warsaw tarehe 9 Desemba 1920, mwezi mmoja baada ya kifo chake. Kisa chenyewe ni cha Leah, ambaye siku ya harusi anaingiwa na roho ya Khonen, kijana aliyekuwa ameahidiwa yeye kwa nadhiri ya baba zao. Babake Leah aliipuuza nadhiri hiyo kwa tamaa ya mali. Huko Moscow, mwaka 1922, Hanna Rovina wa kikundi cha Habima alimwigiza Leah, na mzigo wote wa onyesho ukawa juu ya koo moja lililopaswa kutoa sauti mbili.

Mwaka 1925 wachoraji Zuni Maud na Yosl Cutler walianzisha New York kikundi cha vikaragosi kilichoitwa Modicut, kikitumia lugha ya Kiyidi. Miongoni mwa maonyesho yao ilikuwamo dhihaka ya The Dybbuk, tamthilia iliyokwisha kuchezwa mno. Ni rahisi kwa mhakiki kuiona dhihaka hiyo kuwa mzaha mtupu. Maoni hayo hayatoshi. Mwigizaji hai hana budi kujigawa ili apagawe. Kikaragosi hakina sauti tangu mwanzo, na kila neno lake hutoka kwa mwingine aliyejificha. Kila kikaragosi, kwa maana hiyo, ni kiti. Umbo lililodhaniwa kuwa duni ndilo linaloisitiri hekaya hii vizuri zaidi. Tatizo linalozuka ni la kiufundi: hadhira itatambuaje kuwa Leah ameingiwa, ikiwa hakuwahi kusema kwa sauti yake? Suluhisho mojawapo ni msemaji wa pili, tena upande mwingine wa pazia, huku mkono unaokichezesha kikaragosi ukibaki uleule.

Sultan Hamud ni mji unaosema kwa jina la mgeni: ulipewa jina la Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyefika hapo mwaka 1898 reli ilipokuwa ikijengwa. Si mbali na hapo, huko Nzaui, wamisionari wa African Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza mwaka 1895. Hata hivyo ngoma ya kilumi, ambayo wachezaji wake hasa ni wanawake, haikuisha. Katika kilumi aimu huulizwa hutaka nini, na hupewa ngoma. Dibuki naye hufukuzwa. An-sky mwenyewe aliliona pengo hili, kwani kabla ya rabi kumtoa Khonen anaitisha baraza na kumsikiliza baba wa Khonen, ingawa ni marehemu. Babake Leah anahukumiwa kuwapa maskini nusu ya mali yake. Sehemu hiyo ndiyo ambayo hadhira ya Ukambani ingeielewa kwanza.

Lakini kuna historia nyingine inayoweza kuiharibu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kupitia kikundi cha CHAPS, Wakenya wengi walikutana na kikaragosi kama mwalimu wa afya, hasa kuhusu UKIMWI. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, ila ilimzoesha mtazamaji kutafuta ujumbe. Kwa mazoea hayo rabi atageuka mganga, na Khonen atageuka ugonjwa wa kutibiwa. Nadhiri iliyovunjwa itasahaulika, na Leah, ambaye mwishoni anachagua kumfuata Khonen kaburini, ataonekana mgonjwa asiyesikia ushauri. Fanani atakayeileta hekaya hii Sultan Hamud atalazimika kuamua ngoma ya kilumi ipigwe wapi: kabla ya baraza, au baada ya Khonen kutolewa.