Taa za gari la michezo: Je, utando wa kinga una faida?

WAMILIKI wa magari ya michezo hujiuliza iwapo ipo haja ya kubandika utando wa kinga kwenye taa za mbele. Magari hayo huwa chini sana, hivyo kokoto zinazorushwa na matairi ya gari lililotangulia huzifikia taa moja kwa moja.

Zamani taa zilifunikwa kwa kioo. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walihamia plastiki ya polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haivunjiki upesi, lakini hukwaruzika na kugeuka manjano kwa mionzi ya jua. Kiwandani hupakwa tabaka gumu la kuilinda. Tabaka hilo likichubuka, taa hufubaa na mwanga hupungua.

Katika Porsche 911 iliyozinduliwa mwaka 1997, taa kuu na indiketa zimo katika kasha moja, hivyo kulibadilisha ni gharama kubwa.

Utando wa poliyurethani, wenye unene wa takriban milimita 0.2, hupokea mikwaruzo badala ya taa, na hubanduliwa ukichakaa. Hata hivyo, hauzuii jiwe kubwa wala hauponyi taa iliyokwisha kufubaa. Hiyo sharti ing'arishwe kwanza. Usiwe na rangi, kwani ule mweusi hupunguza mwanga, na dereva aweza kuchelewa kumwona mwenda kwa miguu usiku.

Kwa gari jipya linalosafiri mara kwa mara katika barabara kuu, utando unafaa. Kwa linaloshinda kivulini, si lazima.