Kupenda, kupendwa, kupendana: neno la Wagiriki wa kale na lugha yetu

Wagiriki wa kale walikuwa na neno philerastes, tunaweza kulitamka filerastesi. Limeungwa na maneno mawili: kupenda kwa urafiki, na erastes, ni kusema mtu anayetamani mwingine. Filerastesi njo ule anayempenda mtu anayemtamani. Plato, mwanafilosofia wa Athens, alilitumia katika kitabu chake Karamu, karne ya 4 mbele ya Yesu.

Juu ya nini neno la namna hiyo? Kule Athens mapenzi ya namna hii yalikuwa na pande mbili zisizo sawa. Erastes alikuwa mwanaume mkubwa: yeye ndiye anatamani na kufuata. Upande wa pili alikuwa kijana bado mdogo, aliyeitwa eromenos, maana yake "anayependwa". Kwa kawaida huyu hakutazamiwa kutamani. Basi kumrudishia mwenzake upendo likawa jambo la kutajwa peke yake.

Kiswahili kina njia yake. Tunabadilisha mwisho wa neno tu. Anapenda: ni moyo wake. Anapendwa: ni moyo wa mwingine. Wanapendana: ni mioyo miwili. Ng'ambo ya Ruzizi, Warundi wanafanya vile vile: gukunda, gukundwa, gukundana. Lakini neno "mpenzi" linaficha: halisemi nani anapenda na nani anapendwa tu.

Hapa kwetu, toka Uvira mpaka Kiringye, tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Jamaa ikifika na kusema "kijana wetu anamupenda binti yenu", imesema upande mmoja. Bado kuuliza: na binti, yeye anasema nini? Mahari haijibu kwa nafasi yake, wala furaha ya wazazi.

Sheria ya inchi nayo inauliza vile. Sheria ya jamaa ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016: sasa ni miaka 18 kwa wote wawili, na kila mmoja anapaswa kukubali yeye mwenyewe. Mtoto wa miaka 15 hata akisema "tunapendana", sheria haimuozeshi.

Kwa hiyo, mzazi, ukisikia "anapendwa", usiharakishe kupanga siku ya arusi. Ngojea usikie "tunapendana", kutoka vinywa viwili, na vya watu wazima.