Kushusha paa la pikapu ya zamani

Kushusha paa ni kazi ya kubadilisha bodi ya gari kwa kukata kipande cha nguzo zinazobeba paa, kuliteremsha paa hilo, kisha kuliunganisha upya likiwa chini kuliko lilivyotoka kiwandani. Baada ya kazi hiyo madirisha huwa mafupi, na gari lote huonekana refu na la chini zaidi. Ufundi huu ulianza nchini Marekani, hasa katika jimbo la California, kwenye magari ya mashindano. Baadaye ulienea katika magari ya mapambo na katika pikapu za miaka ya 1930 hadi 1950.

Ingawa kazi hii hujulikana kwa ukataji, kukata ndiyo sehemu iliyo rahisi. Nguzo zinaweza kukatwa kwa siku moja. Kulifanya paa likae sawasawa juu ya nguzo ambazo ncha zake hazikutani tena, milango ifunge na vioo viingie, huweza kuchukua miezi. Kwa sababu hiyo pikapu nyingi zilizokatwa paa hubaki gereji bila kumalizika.

Kazi zinazofanana nayo

Kushusha paa hutofautishwa na njia nyingine tatu za kulifanya gari lionekane la chini:

- Kushusha gari zima kwa kubadilisha springi na ekseli. Bodi haikatwi.
- Kuishusha bodi juu ya chasisi. Sakafu hukatwa na kuinuliwa, ili chasisi iingie ndani ya bodi badala ya kukaa chini yake.
- Kupunguza unene wa bodi kwa kuondoa ukanda wa bati chini ya madirisha, kulizunguka gari lote. Hii huhesabiwa kuwa ngumu kuliko zote.

Gari moja linaweza kufanyiwa zaidi ya kazi moja kati ya hizo.

Historia

Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walikuwa wakishindana kwa mwendo kwenye maziwa makavu ya jangwani, kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha Southern California Timing Association ili kusimamia mashindano hayo. Magari waliyotumia yalikuwa hasa Ford za bei nafuu, kama Model A iliyotengenezwa miaka ya 1928 hadi 1931, na Ford ya mwaka 1932 iliyokuja na injini ya V8.

Magari hayo yalikuwa na kabini ndefu iliyosimama wima kama sanduku. Nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, na hutegemea pia ukubwa wa eneo linalopambana na upepo. Kwa mfano, kabini yenye upana wa mita 1.4 ikishushwa milimita 75, eneo la mbele hupungua kwa takriban mita ya mraba 0.1. Ikiwa gari zima lina eneo la mita za mraba 2.5, huo ni upungufu wa asilimia 4. Kwa anayetafuta rekodi, kiasi hicho kina maana. Mfano unaojulikana sana ni Ford ya mwaka 1934 ya ndugu wa Pierson, iliyokatwa paa kwa kiasi kikubwa na kulazwa kioo cha mbele.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kazi hii ilipata sababu ya pili, yaani urembo. Mafundi kama Harry Westergard wa Sacramento, na ndugu Sam na George Barris walioanzisha karakana yao katika eneo la Los Angeles, walishusha mapaa ya magari ambayo hayakukusudiwa kushindana. Gari lililopendwa zaidi kwa kazi hiyo lilikuwa Mercury ya miaka ya 1949 hadi 1951. Sam Barris alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulishusha paa lake. Mwaka 1952 karakana hiyo ilitengeneza Mercury ya Bob Hirohata, ambayo ilikuja kuwa gari la mapambo mashuhuri kuliko yote ya zama zake.

Gazeti la Hot Rod, lililoanzishwa mwaka 1948 na Robert E. Petersen, liliueneza ufundi huu kote Marekani. Filamu ya American Graffiti ya mwaka 1973, iliyoongozwa na George Lucas, iliurudisha machoni pa watu. Humo linaonekana gari la manjano la Ford ya mwaka 1932 lililoshushwa paa, pamoja na Mercury ya mwaka 1951 iliyofanyiwa vivyo hivyo.

Pikapu katika kazi hii

Pikapu za zamani zilikuwa vyombo vya kazi. Kabini zake zilikuwa ndefu ili dereva aketi wima na aweze kuvaa kofia. Zilipozeeka ziliuzwa kwa bei ndogo, na vijana waliokosa fedha za kununua gari la kifahari walizichukua na kuzibadilisha.

Miongoni mwa zinazoshushwa mara nyingi ni Chevrolet na GMC zilizoanza kutengenezwa mwaka 1947, Ford F-1 ya miaka ya 1948 hadi 1952, na Ford F-100 ya miaka ya 1953 hadi 1956. Ugumu haulingani. Chevrolet za hadi mwaka 1953 zina kioo cha mbele cha vipande viwili bapa, ambavyo hukatwa kwa urahisi. Kuanzia mwaka 1954 zilipewa kioo kimoja kilichopinda. Ford F-100 ya mwaka 1956 ina kioo kinachozunguka hadi pembeni, na kukipunguza ni kazi ya fundi mwenye uzoefu mkubwa. Baadhi ya Chevrolet zina pia madirisha madogo yaliyopinda kwenye pembe za nyuma za kabini. Mafundi wengine huyaziba kwa bati badala ya kuyafupisha.

Tatizo la nguzo zilizoinama

Nguzo za kabini hazisimami wima. Za mbele huinama kuelekea nyuma kadiri zinavyopanda, na zote huinama kidogo kuelekea ndani. Kwa hiyo kabini ni nyembamba juu kuliko chini.

Nguzo iliyosimama wima kabisa ikikatwa milimita 75, sehemu ya juu hushuka na kukaa juu ya sehemu ya chini bila tatizo. Nguzo iliyoinama nyuzi 10 ikipunguzwa kimo hichohicho, ncha zake hupishana kwa milimita 13. Ikiwa imeinama nyuzi 30, hupishana kwa milimita 43. Hapo ndipo Model A, yenye nguzo zinazokaribia kuwa wima, inapotofautiana na pikapu ya miaka ya 1950.

Kuna njia tatu kuu za kuziba pengo hilo, na mara nyingi huchanganywa:

- Kulilaza kioo. Nguzo za mbele hukatwa kidogo kwenye shina na kuinamishwa zaidi nyuma hadi zikutane na paa. Paa halibadilishwi, lakini mwinamo wa kioo na wa mbele ya mlango hubadilika.
- Kulirefusha na kulipanua paa. Paa hukatwa katikati kwa urefu au kwa upana, wakati mwingine katika vipande vinne. Vipande husogezwa hadi kila pembe ikae juu ya nguzo yake, kisha nafasi hujazwa kwa bati jipya lililopewa mviringo uleule.
- Kuzisogeza nguzo. Mikato midogo yenye umbo la kabari hufanywa ili nguzo ipinde taratibu mpaka ifike panapotakiwa.

Paa laweza pia kushushwa kwa vipimo tofauti mbele na nyuma. Mercury ya Hirohata ilishushwa zaidi nyuma kuliko mbele, na hilo ndilo lililolipa paa lake mteremko mrefu. Katika pikapu, paa likishushwa sawasawa bila kurekebishwa mviringo wake, hubaki kama kofia nene juu ya madirisha membamba. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hupunguza inchi 2 hadi 4 tu, yaani sentimita 5 hadi 10.

Hatua za kazi

Kwanza huondolewa viti, vioo, nyaya na kitambaa cha ndani. Katika pikapu kadhaa, zikiwemo Chevrolet za kuanzia mwaka 1949, tangi la petroli liko ndani ya kabini nyuma ya kiti. Ni lazima litolewe na kupelekwa mbali kabla ya cheche yoyote kuruka.

Pili, gari husimamishwa mahali palipo sawa, na kutu iliyokula nguzo au kizingiti cha mlango hurekebishwa. Milango hufungwa na nafasi zake kupimwa. Kisha vyuma vya kushikilia huchomelewa ndani ya kabini kutoka upande hadi upande. Bila vyuma hivyo kabini iliyokatwa paa hufunguka au kujikunja, na milango haitafunga tena.

Tatu, mistari huwekwa kwa utepe. Mikato yote haiwekwi kwenye kimo kimoja. Nguzo hukatwa mahali palipo karibu na unyofu, mbali na pembe za dirisha. Nguzo yenye bati la ndani na la nje hukatwa kwa ngazi, ili maungio mawili yasikutane.

Nne, paa hukatwa, huinuliwa na watu wawili au zaidi, vipande vya nguzo hutolewa, na paa hurudishwa. Huchomelewa kwa vidonda vidogo tu, kwa kuwa bado litasogezwa. Fundi hulitazama kutoka pande zote na kwa mbali kabla ya kuendelea.

Tano, fremu za madirisha ya milango hukatwa kwa kipimo kilekile. Milango hubaki imefungwa wakati wa kuziunganisha, ili zifuate paa jipya.

Sita, maungio hukamilishwa. Bati la magari haya lina unene wa takriban milimita 1, nalo hujikunja likipata joto jingi. Fundi huchomelea sehemu fupi, huhamia upande mwingine wakati ya kwanza inapoa, na hunyoosha kwa nyundo na chuma cha kukingia. Paa likijikunja katikati, kulirudisha ni vigumu kuliko kulikata.

Mwisho maungio hulainishwa. Mafundi wa zamani walitumia risasi iliyoyeyushwa, na magari yao mazito yakapewa majina ya utani kwa sababu yake. Vumbi na moshi wa risasi ni sumu. Siku hizi wengi hutumia puti ya plastiki, ambayo ikiwekwa nene juu ya ungio baya hupasuka. Ndani ya nguzo hupakwa dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu joto la kuchomelea huunguza kinga yoyote iliyokuwepo.

Vioo

Kioo cha mbele hutengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati. Kikiwa bapa, hukatwa bila shida kubwa. Kikiwa kimepinda, mara nyingi hupasuka, na wenye uzoefu hununua zaidi ya kimoja kabla ya kuanza. Kioo kilichokazwa kwa joto, ambacho hutumika sana pembeni na nyuma, hakiwezi kukatwa kabisa: kikiguswa na kikatio husambaratika vipande vidogo. Kipya hukatwa kwa kipimo kwanza, kisha ndipo kinakazwa kiwandani.

Usalama na sheria

Nguzo ndizo zinazolizuia paa lisimwangukie dereva gari linapopinduka. Nguzo iliyokatwa na kuunganishwa ina nguvu kulingana na ungio lake. Ungio lililochomelewa juu juu, kisha likasagwa na kufunikwa kwa puti, huonekana sawa na lililo imara, na tofauti yake hujulikana siku ya ajali. Kwa hiyo mafundi makini huweka kipande cha chuma ndani ya nguzo kabla ya kuchomelea. Nchini Marekani kiwango cha serikali cha uimara wa paa kilianza kutumika kwa magari madogo mwaka 1973, kwa hiyo pikapu hizi zilitengenezwa kabla yake.

Kuona nako hupungua. Dereva mrefu hulazimika kuinama ili aone taa za barabarani, na wengi hushusha kiti au hukata sakafu. Masharti ya kisheria hutofautiana. Nchini Ujerumani mabadiliko yanayogusa usalama wa gari huhitaji kukaguliwa na kuidhinishwa kabla gari halijarudi barabarani.

Mjadala kuhusu uhifadhi

Paa lililokatwa halirudi lilivyokuwa. Wapenda magari ya asili hulalamika kwamba kila pikapu nzima inayokatwa inapunguza idadi ya zilizobaki kama zilivyotengenezwa, na kwamba kazi isiyokamilika huliharibu gari bila faida kwa yeyote. Wanaotetea ufundi huu hujibu kwamba pikapu hizo zilitengenezwa kwa maelfu mengi, na kwamba nyingi zingeishia kuwa vyuma chakavu. Njia ya kati inayofuatwa na baadhi ya mafundi ni kukata kabini iliyokwisha kuharibika, na kuiacha iliyo nzima.

Mabadiliko yenyewe nayo yamekuwa sehemu ya historia. Mercury ya Hirohata, ambayo mwaka 1952 ilikuwa gari jipya la mwaka mmoja lililokatwa paa, mwaka 2017 iliingizwa katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Ilikarabatiwa ili ibaki kama ilivyotoka kwenye karakana ya Barris, si kama ilivyotoka kiwandani.